Mita 22

Mjomba aliuza mbuzi wawili kwa sababu ya namba niliyompa: 22. Ndizo mita ambazo, kwa kipimo changu, chemchemi ilikuwa juu ya nyumba ya bibi kule Vidunda. Zinatosha maji kushuka yenyewe, bila pampu. Akanunua mpira wa maji, akaanza kuchimba mtaro na wanawe.

Namba ilitoka kwenye BMP280, kihisi cha mgandamizo wa hewa ninachokitumia kwenye utafiti wangu wa uzamili. (Mwanzoni nilikiita sensa. Mjomba akauliza kama tunahesabiwa tena, ile ya 2022 haikutosha?) Ukipanda mlima, hewa iliyo juu yako inapungua, na mgandamizo wake pia: kwa milima ile, hektopaskali 1 kwa kila mita 9 hivi. Programu inaanzia 1013.25, wastani wa usawa wa bahari, inapiga hesabu, inakupa mwinuko wenye desimali mbili. Desimali ndizo zilizoniponza.

Bibi alitia shaka. "Mjukuu wangu, mbona nikirudi na ndoo ndiyo napanda?" Nikamweleza kwamba njia inapita korongoni, na ndoo iliyojaa hufanya kila njia iwe mlima. Akanyamaza.

Chuoni nilikiacha kihisi mezani siku tatu kikirekodi, kwa sababu nyingine kabisa. Nilipochora grafu, meza yangu ilikuwa inapanda zaidi ya mita 20 kila alasiri, kisha inashuka. Jua linapoipasha anga, nchi za tropiki hupata kitu kama maji kupwa na kujaa, ila cha hewa: mgandamizo hufika juu karibu saa nne, asubuhi na usiku, na chini karibu saa kumi, jioni na alfajiri.

Nyumba ya bibi niliipima saa nne asubuhi. Kisha kukawa na salamu, ugali na mvua. Chemchemini nilifika saa kumi.

Ijumaa nikapanda basi hadi Mikumi, nikaunganisha Kidodi, kisha bodaboda, miwa ikibaki chini yetu. Safari hii nilibeba vihisi viwili. Niliviweka pamoja barazani saa nzima, maana kila kimoja kina uongo wake wa kuzaliwa. Vilitofautiana hektopaskali 0.6, nikaandika ili niiondoe kwenye hesabu. Kimoja kikabaki kwa bibi, kingine nikaenda nacho, saa zao zikiwa sawa. Hewa ikibadilika inavidanganya vyote kwa pamoja, na tofauti inayobaki ni ya mlima.

Mita 3. Chini.

Mtaro ulikuwa umebakiza hatua kama arobaini. Mjomba aliegemea jembe akanisikiliza hadi mwisho, hata yale ya jua na anga ambayo hakuna aliyeniuliza. Kisha akataka kujua bei ya kile kidude. Nikamwambia.

"Kumbe hakimfikii hata kuku."

Jioni bibi akasema iko chemchemi nyingine, juu zaidi, ila mwenye shamba hajasalimiana na mjomba tangu kesi ya mpaka. Asubuhi tulimwachia bibi kihisi kimoja, tukapanda. Mimi nimebeba kingine, mjomba yuko mbele na kilo mbili za sukari.