Mbuzi Mrefu

Mama aliacha kukuna nazi mwaka jana. Si kwamba nazi zimeadimika Kariakoo, ni magoti. Kibao cha mbuzi kiko chini mno, na kuinuka pale ikawa mpaka aitwe mtu. Akahamia tui la pakiti, halafu akaacha kabisa kuutaja wali wa nazi. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikaenda Gerezani kutafuta randa, msumeno na patasi, vyote vya mtumba. Fundi mmoja wa mtaani akanipa kipande cha mninga na somo moja tu kwa wiki nzima: kupitisha kidole juu ya ubao, kusoma nyuzi zinaelekea wapi. Ukiranda kinyume chake, ubao unachanika. Na mninga ni mjeuri, nyuzi zake hugeuka njiani. Unaranda vizuri, mara inabidi ubadili upande. Ila harufu yake, jamani!

Mimi ninayekula kwa maneno nikaanza kuyasikia na haya ya kazi. Msumari umetoka kwa Waarabu, parafujo kwa Wareno, na randa Wahindi nao huiita randa. Bahari nzima imo ndani ya boksi la fundi.

Miguu minne nimeichomeka kwenye matundu ya patasi, bila msumari hata mmoja. Chuma ni kilekile cha zamani. Kimebaki kigoda cha kuinulia bakuli, maana sasa machicha yanaanguka kutoka mbali.

Mama alikikalia, akakitikisa kushoto na kulia kama anayenunua kitanda.

"Kirefu hivi, mwanangu, wageni watanicheka."

Akanituma nazi mbili.