Herufi za Ilala

Tovuti yangu ya kwanza niliitengeneza mwaka 2003, kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa, Kariakoo. Ilikuwa ya duka la vipuri vya magari. Jina la duka nililifanya litembee kutoka kulia kwenda kushoto bila kupumzika. Mwenye duka alifurahi mno, akaomba na nyota zinazometameta. Nikamwekea.

Enzi hizo mbunifu hakuwa na fonti ya kujichagulia. Ulitumia zile ulizoamini msomaji anazo kwenye kompyuta yake: Times New Roman, Arial, Verdana, Georgia na nyingine chache. Verdana na Georgia alizichora Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, zikatoka mwaka 1996, na tangu mwanzo zilikusudiwa kusomwa kwenye skrini. Maana yake niliiona kwenye anwani ya lile duka. Andika Ilala kwa Arial: I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili, hujui kipi ni kipi. Verdana imeivisha I vikofia, juu na chini. Kwa neno hilo moja nilibadilisha fonti ya ukurasa mzima.

Aliyetaka mwandiko wa madaha aliyageuza maneno kuwa picha. Nilifanya hivyo kwa hoteli moja, nikaandika "Karibui Wageni". Herufi moja ilinifanya nikeshe, maana faili la awali nilishalifuta. Ikaja Flash, teknolojia ya michoro inayotembea: ukifungua tovuti, ngoma inalia, jina linazunguka, mgeni anahangaika kutafuta pa kurukia. Simu ndizo zilizoizika. iPhone haikuipokea hata siku moja, na mwisho wa mwaka 2020 Adobe, kampuni iliyoimiliki, yenyewe ikaitupa mkono.

Mwaka 2010 Google ilifungua ghala la fonti za bure zinazoshuka pamoja na ukurasa. Mwaka huohuo mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte akaeleza jinsi ya kutengeneza kurasa zinazojipanga kufuata upana wa skrini. Nikalewa. Tovuti moja niliipa fonti tatu, kila moja na unene wa aina nne. Mezani kwangu ilipendeza kweli. Mama aliifungua kwa simu akiwa Korogwe, akanipigia: "Mwanangu, mbona naona mistari tu, maneno hamna?" Kivinjari kilikuwa kimeyaficha maneno kikisubiri fonti zishuke, na mtandao wa kule ulikuwa wa kukokota. Bando lake likaliwa na mapambo yangu.

Siku hizi naagiza maneno yatokee kwanza kwa fonti iliyomo kwenye simu, urembo ufuate. Zaidi ya miaka 20 nimezunguka, nimerudi palepale: kwenye herufi alizonazo msomaji.

Nawe unayetengeneza tovuti, usiijaribie ofisini kwenye Wi-Fi. Ifungulie ndani ya daladala, kwa simu ya bei ndogo, na bando ulilonunua mwenyewe.