Mapezi ya Baba, Safu Tatu za Mjomba

Baba alinunua Peugeot 404 mwaka 1967, ikiwa imeshapitia mikono ya watu wawili. Nyuma ilikuwa na mapezi kama ya samaki, na kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuyafuta mpaka nijione pua. Gia ilikaa kwenye usukani. Asubuhi za baridi pale Nakuru, betri ikigoma, Baba aliitupa tai begani, akapiga hendeli.

Pasaka ya 1968 ndiyo iliyomharibu. Mvua iliyapiga mashindano ya Safari Rally mpaka kati ya magari 93 yaliyoondoka, ni 7 tu yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nowicki na Cliff. Tangu hapo, ukimwambia Baba gari lake linavuja oili, anakujibu kwa hadithi ya matope.

Mjomba akaja na 504 mwanzoni mwa miaka ya 80, ile ndefu ya safu tatu za viti. Mapezi hakuna. Taa za mbele zimekatwa pembeni, kama macho ya mtu anayekutilia shaka. Hakuinunua ili ioshwe Jumamosi. Aliiingiza barabara ya Nakuru–Nairobi, abiria wanne wakikaa kiti cha watatu. Mimi, kwa kuwa silipi, nilitupwa safu ya mwisho, magoti kifuani, kuku wa mtu akinidonoa kiatu kutoka Gilgil hadi Naivasha. Nyuma ilikuwa na springi nne, mbili kila upande. Nilizijua moja moja kwa mgongo.

Ukiniuliza lipi zuri, nitasema 404 bila kupepesa macho. Lakini ndani ya 404 tulikaa kama tunaopigwa picha. Ndani ya 504 nilisikia kesi za mashamba, bei za viazi, na mahari iliyovunjika kabla hatujafika Limuru.

Hao wawili hawakuacha kubishana.

"Shemeji, 1975 nani alishinda Safari? Andersson, na 504!"

"Yangu imeshinda mara nne, shemeji. Hesabu."

Aliyewanyamazisha ni fundi wetu. Alikuwa amefungua injini zote mbili wiki moja, akaweka pistoni kuukuu mbili juu ya gunia. Mdomo mmoja, milimita 84. "Hii inashuka milimita 73," akasema, "hii nyingine 81. Hata ndani ya boneti zinalala ubavu ule ule. Mnagombania mtu na mdogo wake."

Mjomba alizipima kwa kidole, mara mbili. Baba akaokota ya kwake, akaifuta kwa leso na kuitia mfukoni mwa koti. Ilikaa miaka mezani kwake, ikikandamiza magazeti.