Ukifika Lamu, Tazama Juu

Wengi wanaozuru Lamu hurudi na picha za punda, majahazi na milango ya nakshi. Si vibaya. Lakini wewe msomaji, iwapo una paa linalovuja huko Kariobangi, au unaweka akiba ya kujijengea nyumba Kitengela, safari hiyo yaweza kukufaa zaidi ya kupunga upepo. Ukiwa huko fanya jambo moja tu: kila unapobisha hodi na kukaribishwa ndani, inua macho utazame dari.

Basi litokalo Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo abiria huingia mashuani. Anayekwenda kwa ndege hutua kisiwani Manda, naye pia hana budi kuvuka maji. Kila bati na kila mfuko wa saruji utakaouona mjini umevushwa vivyo hivyo, kisha ukabebwa na punda au hamali katika vichochoro visivyopitika kwa gari. Haishangazi basi kwamba wajenzi wa kale walitegemea vilivyokuwa karibu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo, na miti ya mikoko.

Anzia katika nyumba ya kale ambayo Makumbusho ya Lamu imewafungulia wageni katikati ya mji. Utaona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Chumba chaweza kwenda mbali kwa urefu, ila upana wake hauzidi sana mita 2 na nusu au 3. Je, wazee hao walipenda kubanana? La. Tazama juu, utaziona boriti za mkoko zimepangwa kwa karibu, zikiwa zimebeba vipande vya mawe na tabaka nene la chokaa. Mzigo huo ni mzito ajabu, na boriti ndefu zaidi ingepinda. Fundi alianza kwa kuujua uwezo wa mti wake, ndipo akapima ukuta.

Sisi wa mijini hufanya kinyume. Tunachora sebule ya mita 6 kwa sababu tumeiona kwa jirani, halafu tunamwachia fundi shida ya kutafuta mbao za kuifikia ng'ambo ya pili. Naye, kwa kuwa hataki kuikosa kazi, huunga vipande viwili kwa misumari katikati ya chumba, pale pale penye uzito mkubwa. Baada ya misimu miwili ya mvua dari linaanza kubonyea. Ukimsimamia fundi wako, usikubali kiungo cha namna hiyo. Mbao ziunganishwe juu ya ukuta au juu ya nguzo. Tena hakikisha zimesimamishwa kwa ubavu wake mwembamba. Mbao ya inchi 4 kwa 2 ikisimama hupinda robo tu ya vile ambavyo ingepinda ikilazwa. Bei ni ile ile, mbao ni ile ile.

Kabla hujatoka, angalia plasta. Chokaa huuachia ukuta nafasi ya kupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata pa kutokea. Baadhi ya wenye nyumba, kwa haraka au kwa kutafuta urahisi, huzikandika kuta hizo za matumbawe kwa saruji. Saruji ni ngumu na hufungia unyevu na chumvi ndani, hata plasta ikafura na kubanduka mapande mapande. Nyumba yako ya mjini huenda ilijengwa kwa saruji tangu msingi, lakini kosa kama hilo lipo kwako pia kila unapopaka rangi mpya juu ya ukuta uliolowa. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Aghalabu ni mfereji wa paa uliotoboka, bomba lililo ndani ya ukuta, au udongo wa bustani uliorundikwa juu kuliko sakafu. Ondoa chanzo, acha ukuta ukauke majuma kadhaa, ndipo ununue rangi.

Sasa nenda Ngomeni, lile jengo kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, upande ngazi hadi juu. Mapaa ya mji yote yatakuwa chini ya macho yako: ya makuti na ya mabati, yamechanganyikana.

Paa la makuti ni kazi ya hesabu. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa, na vipande hivyo hufungwa kwenye fito kwa kamba, safu juu ya safu, kuanzia chini kwenda kwenye mwamba. Hutegemea mambo mawili. La kwanza ni mteremko: paa liwe kali, karibu nyuzi 45, ili maji yateleze kabla hayajapenya. La pili ni ukaribu wa safu. Hapo ndipo mwenye kubana pesa hujidanganya. Akitandaza safu mbali mbali hupunguza gharama leo, lakini makuti hubaki membamba, huoza upesi, na baada ya miaka michache anaezeka upya.

Hata lililoezekwa vyema halidumu milele, na ndiyo maana familia yenye kipato kidogo huwazia mabati. Siwezi kuilaumu. Makuti hupoza nyumba, lakini pia hushika moto, na katika mji ambao nyumba zimegusana cheche moja huruka kutoka paa hadi paa. Kwa upande mwingine, mji wa kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye nyumba hana uhuru wa kubadilisha atakavyo. Kwa hivyo uzuri huu tunaoupiga picha una watu wanaoulipia kila paa linapochakaa. Nawe, ukipenda kujijengea kibanda cha makuti nyuma ya nyumba huko Nairobi, jiko la kuchomea nyama likae mbali nacho, wala si chini yake.

Huko juu Ngomeni yatazame pia yale mabati. Hewa ya chumvi imekwisha kuyatia kutu. Bara huchukua muda zaidi, lakini maradhi ni yale yale, na mengi utaweza kuyatibu mwenyewe. Kumbuka kwamba tone likuangukialo kitandani halikuingilia juu ya kitanda. Maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka, kwa hivyo fuata alama kuelekea upande wa juu wa mteremko. Kisha kagua misumari. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, na msumari hulegea kidogo kidogo. Uliopigiliwa bondeni, pale maji yapitapo, ni tundu la kudumu. Mahali pake ni juu ya mgongo wa wimbi, ukiwa na kipande cha mpira chini ya kichwa. Unapopanda, kanyaga penye mstari wa misumari, kwani chini yake pana mbao. Na ukienda dukani usidanganywe na tarakimu: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28.

Utakapoteremka, pengine utapishana na punda aliyebeba miti. Wenyeji wana jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani 20. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu, na zamani majahazi yaliipeleka hadi Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma uliposimamishwa nchini kote, wakataji wa mikoko nao walijikuta bila kazi. Mimi husikitika nikiona boriti zimefanywa mapambo tu katika baa ya mjini, hazikubeba chochote, ilhali kisiwani kuna dari la karne mbili linalongoja boriti moja ibadilishwe.

Ukibakiwa na siku nzima, nenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, wanakoundia majahazi. Watoto wako watapenda keekee, ile chombo ya kutobolea inayozungushwa kwa uta. Fundi wa huko hapigilii msumari katika mbao ngumu kabla ya kuutobolea njia, na huuzungushia pamba iliyotiwa mafuta ili maji yasipenye. Mara nyingi fremu za milango yetu hupasuka kwa sababu hatua hiyo imerukwa. Toboa kwanza, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari, hasa karibu na ncha ya mbao.

Kwenda huko waweza kutembea kwa miguu, kupanda punda au kukodi mashua. Ukichagua mashua, muulize nahodha kabla hujalipa: maji yatajaa saa ngapi?