Sombe Laini Haitaki Haraka

Kwetu Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, chakula kimoja kina majina mengi. Sisi twasema sombe. Jirani zetu wa Mufulira wasemao Kibemba huita katapa. Watu wa Kinshasa husema pondu, na Watanzania kisamvu. Yote ni majani ya muhogo, mmea ambao Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16.

Nyumbani twapenda kuipika nyepesi na laini kama supu, ili hata mzee asiye na meno aweze kuinywa kwa kijiko. Kazi yake yajulikana na kila mama. Twachuma majani machanga, twaondoa vikonyo vigumu, kisha twatwanga kinuni hata jani lisitambulikane tena kuwa jani. Twaliacha kitambo, twaliosha na kulikamua, ndipo twalichemsha kwa maji mengi. Likiisha kuiva twatia kitunguu, karanga zilizopondwa, mawese na chumvi, na kukoroga polepole mpaka supu iwe nzito kidogo, yenye rangi ya kijani na mng'ao wa mafuta.

Lakini siku hizi wengi hupeleka majani yao mashineni. Kazi iliyoumiza mikono ya mama zetu nusu ya asubuhi, mashine huimaliza upesi mno. Hatuilaumu, mgongo wa mama nao wastahili kupumzika. Ila twaona hatari moja. Mtu akiona sombe imekuwa laini, hudhani imekwisha kuwa tayari, akaipikia moto wa haraka na kufunika sufuria ili kuokoa makaa. Hapo ndipo tunapotaka kusema neno.

Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, hata yale ya muhogo mtamu. Jani likipondwa, sumu hiyo iliyofungwa hufunguka na kuanza kutoka kama hewa. Hewa hiyo ni nyepesi: hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 26 tu, ambalo ni dogo kuliko joto la mwili wetu. Basi kutwanga ni kuifungua sumu; moto na sufuria wazi ni kuifukuza. Afunikaye mapema huizuia njiani. Kwa hiyo sisi huacha sombe ichemke bila kifuniko kwa muda wa saa moja na zaidi, iwe imetwangwa kwa mchi au kwa mashine.

Nchi yetu inao ushahidi wa kusikitisha juu ya sumu hiyo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo huko Kwango. Kwa Kiyaka jina hilo lamaanisha miguu iliyofungwa, maana mgonjwa hupooza miguu ghafula wala haponi tena. Hupata zaidi watoto na akina mama. Konzo hutokana na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa pale watu wanapokosa samaki, nyama na maharagwe. Haitokani na majani. Lakini sumu ya mzizi na ya jani ni moja, na kisa chake ni kimoja pia: njaa humhimiza mpishi apunguze siku au saa zilizowekwa na wazee.

Tusiiogope sombe kwa sababu hiyo. Ikipikwa vema hujenga mwili, kwani majani hayo yana protini nyingi kuliko mizizi yake. Moto mrefu huharibu vitamini C, lakini hasara hiyo hurudishwa na chungwa moja baada ya chakula.

Basi, ninyi wasichana mnaojifunza kupika, pokeeni mashine kwa furaha, iwapunguzie jasho. Saa za jikoni msizipunguze. Ulaini huonekana kwa macho, lakini usalama hauonekani. Huo twaachiwa kuulinda sisi tukaao karibu na moto.