Msasa, Rangi na Kijana wa Mkokoteni

Kiinua mgongo cha mwalimu hakinunui mengi. Changu kilimalizia paa la nyumba, kisha kikanunua gari dogo jeupe lililokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwangu Mandewa, hapa Singida Mjini. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona mstari mrefu umepita mlango wa nyuma, kutoka kwenye kitasa hadi juu ya gurudumu, nilihisi kana kwamba nimekwaruzwa mimi mwenyewe.

Mtuhumiwa nilikuwa naye tayari. Kijana wa jirani husukuma mkokoteni wa madumu ya maji, na njia yake hupita kando ya mahali ninapoegesha. Nilimwita mbele ya mama yake nikamsomea makosa, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikinyamazisha madarasa. Alikana mara moja, kwa upole, kisha akainamisha kichwa. Ukimya ule nikauhesabu kuwa ungamo. Kusahihisha madaftari kwa miaka zaidi ya thelathini humpa mtu kalamu nyekundu yenye haraka.

Siku hiyo nilikuwa na harusi ya kuhudhuria. Rafiki mmoja akanishauri niupake mstari ule mafuta ya alizeti, bidhaa ambayo mkoa wetu haupungukiwi nayo. Kweli, mkwaruzo ukafifia, kwa kuwa mafuta hujaza ule mfereji na kuufanya usionekane sana kwenye mwanga. Lakini mafuta hayatibu, na zaidi ya hayo hunasa vumbi. Kufikia jioni, upepo wa Singida ulikuwa umeugeuza mstari kuwa utepe wa udongo.

Fundi rangi alitaka shilingi 150,000, kwa sababu kwake mlango hupakwa wote. Nikaamua kujitibia nyumbani.

Hapa lugha yetu inafaa kushukuriwa. Ina mtai, yaani mstari mwembamba juu ya ngozi. Ina mchubuko, pale ngozi inapobanduka. Na ina jeraha, pale kilichofika ndani kinapoonekana. Rangi ya gari nayo ni ngozi yenye tabaka. Chini kuna bati, juu yake rangi ya msingi ambayo mafundi huiita praima, kisha rangi yenyewe. Na magari mengi huwa na tabaka la mwisho lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, huo ni mtai, na dawa yake ni kuusugua kwa kitambaa laini chenye polishi ya kukwangulia. Hata dawa ya meno huweza kusaidia kidogo. Ukikwama, ni mchubuko, nao utahitaji rangi. Ukiona bati, ni jeraha: usilichelewe, maana kutu haingoji.

Tiba zote tatu huanza kwa kuosha, nami nilikuwa nimeiruka hatua hiyo. Asubuhi moja, kabla upepo haujaamka, niliosha mlango kwa maji na sabuni, kivulini. Udongo na mafuta vilipoondoka, niliona ndani ya mkwaruzo chembe za rangi ya kijani, zimeng'ang'ania kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mkokoteni wa kijana ni wa mbao tupu. Kitu cha kijani kilichokuwa karibu ni kimoja tu: geti langu.

Nikalisogelea. Kwenye ukingo wa bawa lake, kwa kimo kile kile cha kitasa cha gari, palikuwa na alama nyeupe. Ndipo nikakumbuka usiku niliorudi safarini, umeme umekatika na upepo unalisukuma bawa lile. Nilisikia mlio nikadhani ni jiwe chini ya tairi. Nilikuwa nimemhukumu mtoto wa watu kwa kosa langu, na ushahidi nilikuwa nimeupaka mafuta kwa mkono wangu.

Sikuendelea na kazi. Nilivuka njia nikamkuta kijana na mama yake uani. Nilimlaumu mbele ya mama, hivyo msamaha nao ulipaswa kuombwa hapo hapo. "Mwanangu," nikasema, "nilikukosea. Ni geti langu, na dereva alikuwa mimi." Mama akatazama chini, pengine kwa kunisitiri. Kijana akajibu, "Yameisha, Mwalimu." Kisha akaongeza, "Nilikwambia." Neno hilo la pili nililistahili.

Alasiri alikuja mwenyewe, akashika dumu la maji akinimiminia huku nikisugua. Nilitumia msasa wa maji namba 1000 kulainisha kingo za mchubuko, kwa mkono mwepesi. Namba ikikua, msasa huwa laini zaidi. Baada ya kukausha, nilijaza rangi kwa brashi ndogo, safu nyembamba tatu, kila moja nikiiacha ikauke. Dukani nilikwenda na namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, 040, weupe unaojulikana sana katika magari ya Toyota. Siku chache baadaye nilisawazisha kwa msasa namba 2000 wenye maji ya sabuni, kisha polishi. Gharama yote haikufika shilingi 20,000. Ukiinama utaiona kazi yangu, ukisimama huioni. Gari la rangi ya fedha ningempelekea fundi, kwani chembe zake zing'aazo hazidanganywi kwa brashi.

Nilimweleza kijana kwamba msasa ni mti kwanza, wenye majani yanayoparuza ambayo maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Kutoka kwenye jani jina likahamia kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi likafika hadi kwetu walimu, ambao kila semina ya mafunzo kazini tuliambiwa kuwa "tumepigwa msasa". Akacheka: "Basi leo tena, Mwalimu." Nami nikacheka, ingawa palikuwa pakiwasha.

Washairi wenzangu, ubeti mmoja tu nilioutunga nikiwa bado na mikono yenye sabuni:

Nilisugua kwa maji, rangi ikajitokeya,
Kosa si la mpitaji, geti limeniambiya,
Ni mie muegeshaji, ndiye niliyekoseya,
Jeraha lioshwe kwanza, hukumu ikafatiya.

Geti nimelifungia ndoano. Alama nyeupe iliyo ukingoni sijaipaka rangi.