Kusikiliza Bila Kusimamisha Kazi



Wapendwa waamini, juma hili tumechukua tafakari yetu katika jambo dogo la kompyuta, wala hatuoni haya, kwani Bwana mwenyewe alifundisha kwa chachu na kwa wavu. Wapo vijana wetu wanaojifunza Python, lugha ya kompyuta ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mtu akitaka kutunga mchezo wa nyoka katika terminali, yaani dirisha la maandishi matupu, kwa kawaida huanza na amri ya input(). Mara nyoka husimama tuli! Amri hiyo huzuia kila kitu mpaka mchezaji abonyeze kitufe cha Enter.

Ndivyo wengi wetu tunavyodhani imetupasa kumsikiliza Mungu, au mgonjwa aliye chumba cha pili: ama tuache yote, ama tusisikilize kabisa. Na kwa kuwa chungu ki motoni na duka halina mwangalizi mwingine, twachagua kutosikiliza. Mgonjwa huita mara mbili, kisha hunyamaza.

Iko njia nyingine. Moduli iitwayo curses inayo amri ya nodelay(True). Ikishawekwa, getch() huuliza kama kipo kitufe kilichobonyezwa. Kama hakipo, hurudisha -1 papo hapo, na nyoka huendelea na safari yake. Katika kila hatua swali huulizwa upya. (Wenye Windows hutumia msvcrt.kbhit().)

Lakini kati ya hatua na hatua sharti liwepo pumziko dogo, tuseme sehemu ya kumi ya sekunde. Programu iulizayo pasipo kupumzika humaliza nguvu za kompyuta bure. Nasi tumewaona waamini wenye hofu ya namna hiyo, wanaouliza mapenzi ya Mungu kila dakika wala hawatendi lolote.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 43 ya Kanuni yake, amtaka mmonaki aache mara moja kilichomo mkononi pindi ishara ya sala isikikapo. Basi hana budi kusikiliza huku akilima. Hata watumishi wa Luka 12 walimngoja bwana wao wakiwa wamejifunga viuno, yaani wamevaa kikazi.

Na kitufe kilichobonyezwa wakati programu imo katika pumziko lake hakipotei. Kompyuta hukitunza katika foleni, na getch() irudipo kuuliza, hukikuta kikingoja.